Nimekanyaga Mafuta, Gari Likakataa! Homa Bay Hadi Migori na Gari Linalosoma Vibao

Jamani, jamani, jamani! Acha hicho unachofanya. Tafuta mtu yeyote unayemjua mwenye gari lililoandikwa LIMIT kwenye kijiti cha nyuma ya usukani, mbembeleze, mnunulie samaki wa kukaanga, mwoshee hilo gari ikibidi, ilmradi akuachie uliendeshe hata nusu saa tu. Mimi nimetoka kulishika sasa hivi, vidole bado vinaniwasha, na sijui hata nianzie wapi, maana kila nikitaka kusema hili, lile linasukumana mlangoni linataka litoke kwanza!

Haya, nianze na usukani. Gari ni Peugeot 3008 ya shemeji yangu wa Homa Bay, aina ile iliyoanza kuunganishwa Thika mwaka 2017, na ukiniuliza injini yake ina ukubwa gani nitakwambia sijui na wala sitaki kujua! Usukani wake ni mdogo, mdogo kweli kweli, mnene, laini, unajaa kiganjani, na namba za mwendo hazijafichwa ndani yake bali zimekaa juu yake. Huinamishi shingo. Unatazama barabara, na namba ziko pale pale chini ya barabara. Na kando ya hiyo namba kuna kijinafasi kitupu, hakuna kitu, kiza tu. Kishike kichwani hicho kijinafasi, tunakuja kwacho!

Tukang'oa nanga asubuhi. Shemeji kiti cha mbele pembeni yangu, roho mkononi. Nyuma tumempakia Jaduong' mmoja jirani yao, mzee aliyeendesha Piijo za abiria enzi za 504, zile za watu kubanana mpaka mlango unafungwa kwa goti. Ziwa linang'aa kisogoni, kilima cha Got Asego pale, harufu ya omena inayoanikwa inaingia dirishani bila hodi, na barabara ya Rodi Kopany imenyooka mbele yetu. Jaduong' anatusimulia habari za Safari Rally, jinsi Bert Shankland wa Tanzania alivyolibeba kombe na Peugeot 404 mwaka 1966, akalibeba tena 1967, na sauti yake inapanda kila gari linapopanda.

Tunakaribia Rodi. Kibao hicho: duara jekundu, 50 nyeusi katikati, kile kile ambacho nusu ya madereva wa nchi hii wanakihesabu kuwa pambo la barabara. Tukakipita. Na hapo hapo, kwenye kile kijinafasi kitupu, pa! Duara jekundu likachomoza, 50 ndani yake, dogo, safi, limeiva rangi. Gari limesoma kibao! Limekisoma lenyewe, sijagusa kitu, sijasema neno!

Nikapiga ukelele. Jaduong' akakatiza hadithi yake: "Kuna nini, nyathina?" Nikamwonyesha kwa kidole. Akainuka nusu, akaegemea viti vyetu viwili, akakazia macho ile 50, akageuka kutazama kibao kinachobaki nyuma, akarudi kwenye 50. "Nani ameliambia?" Kamera, Jaduong'! Kuna kamera imejibanza juu ya kioo cha mbele, nyuma ya kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma, na kazi yake mchana kutwa ni kutafuta maduara mekundu. Vibao vyetu vya mwendo vina sura ile ile iliyokubaliwa kwenye Mkataba wa Vienna wa alama za barabarani wa mwaka 1968, kwa hiyo jicho lililofunzwa Ufaransa linakuja Rodi Kopany na kusoma bila mkalimani. Wacha! Mimi nilitaka nisimamishe gari nicheze.

Na bado!

Maana kusoma ni nusu tu. Kwenye kile kijiti unazungusha hadi LIMIT, kisha kuna kitufe kimeandikwa MEM. Ukikibonyeza mara ya kwanza, gari linakuuliza: niishike hii 50? Ukibonyeza mara ya pili umekubali. Basi. Nikabonyeza, nikabonyeza. Kisha, na hapa ndipo nataka unisikilize vizuri rafiki yangu, nikakanyaga mafuta.

Hakuna!

Yaani mguu unashuka, pedali inashuka, laini, tamu, bila kubishana nawe, lakini namba imeganda kwenye 50 na haina mpango. Injini hata haijakohoa. Hakuna kushtuka, hakuna kukatikakatika, hakuna ile "kho-kho-kho" ya gavana ya matatu inayowarusha abiria vichwa mbele kila dereva akifika 80. Pedali imekuwa tupu chini ya kiatu na gari linateleza tu, limetulia, linakusubiri ukue. Nikakanyaga tena kidogo, nikacheka peke yangu. Shemeji naye akacheka. Unajua ule msuli wa ugokoni unaofanya kazi ya kuogopa, ule wa kukanyaga, kuachia, kuchungulia namba, kukanyaga, kuachia, kuchungulia tena? Ukalala. Sikuwahi kujua kwamba unaweza kulala! Macho hayana tena safari ya kwenda chini kukagua, yanabaki nje, na nje, ndugu yangu, kumbe kuna mambo!

Nilimwona mama anayepanga nyanya mafungu mafungu kandokando ya lami. Nilimwona kijana wa boda amebeba godoro la watu wawili na bado ana abiria. Nilimwona mtoto wa nasari, sweta ya kijani, akiuachilia mkono wa dada yake, na nikajua anataka kuvuka kabla hata yeye hajajua. Kwa 50 unamwona mtu mzima mzima, uso wake na nia yake. Kwa 80 mji wote unapita ukiwa michirizi ya rangi. Na sisemi kwa hisia tu. Shirika la Afya Duniani linasema wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kuua inapanda kwa takriban asilimia 4. Asilimia moja! Hiyo ni nusu ya kilomita ukiwa kwenye 50, mguu wako hauwezi hata kuihisi. Gari linaihisi.

Jaduong' alikuwa kimya muda mrefu, jambo ambalo shemeji anasema halijawahi kutokea. Kisha akatoa hukumu: "Hii gari imepakia mama mkwe. Hasemi kitu, lakini mkwe mwenyewe unajikuta umekaa vizuri." Tulicheka mpaka Rongo!

Sasa, najua utaniambia: si gavana hiyo, tunayo tangu zamani? Hapana, hapana, hapana, na hapa nitakushika ukosi wa shati. Gavana tunaijua, ndiyo. Marehemu John Michuki, akiwa Waziri wa Uchukuzi, alitoa kanuni zake mwaka 2003, zikaanza kuuma Februari 2004: mikanda kila kiti, mstari wa njano ubavuni, na kidhibiti mwendo cha kuizuia matatu isivuke 80. Yule mzee alitikisa nchi, na kazi yake naiheshimu mpaka kesho. Lakini kile kidude hakijui kiko wapi! Kwake 80 ni 80, kwenye mbuga tupu na mbele ya lango la shule ya msingi. Matatu inaweza kupasua katikati ya Rongo siku ya soko, watu wamejaa mpaka kwenye lami, iko kwenye 75, na gavana imetulia tuli haina habari, kwa sababu 75 haijafika 80! Sheria yenyewe inasema 50 mijini na kwenye vituo vya biashara, na sisi mabarabara yetu ya huku ni kituo cha biashara baada ya kituo cha biashara, hujamaliza kimoja umeingia kingine. Kwa hiyo kidude kilichowekwa kutulinda kinalala usingizi mahali hasa tunapogongwa. Na sijagusa habari ya mafundi wanaoijua ile swichi ya siri chini ya dashibodi. Kila mtu anawajua!

Hili la shemeji limekaa upande wa pili kabisa. Linajua hapa ni Rodi na pale ni Rongo na kule ni njia wazi. Na halikufungii. Wewe ndiye umebonyeza, wewe ndiye umekubali. Ndiyo maana huna hamu ya kulihujumu. Utahujumu kitu ulichokichagua mwenyewe dakika mbili zilizopita?

Kutoka Rongo kwenda Awendo ndipo nilipokutana na lile jingine. Unaijua njia ile: miwa, miwa, miwa, na trekta la miwa linalokokota matela yaliyofurika hadi majani yanafagia lami. Nimeweka kikomo changu 80, trekta liko mbele linajikongoja, njia imefunguka safi, hakuna gari linalokuja. Nikatoka kulipita, na katikati ya kulipita, upepo wa matela unanivuta ubavuni, nikataka kumaliza haraka. Sasa sikiliza mguu unavyosema. Unakanyaga, tupu. Unakanyaga zaidi, tupu. Unafika mwisho kabisa, na pale mwisho kuna kitu kigumu kidogo, kizingiti, unakihisi kabisa kwenye soli ya kiatu. Ukikisukuma kwa nguvu, tak! kinaachia, na gari linaruka, limekuelewa, namba ya kikomo inapepesa macho kukukumbusha kwamba umetoka nje ya agano, na trekta liko nyuma. Ukishusha mwendo, kikomo kinarudi chenyewe na maisha yanaendelea. Halikunigombeza! Shemeji alishika kishikio cha mlango, lakini hilo ni tatizo la shemeji.

Kile kizingiti ndicho kilichoniua. Mtu fulani, mahali fulani, alikaa akafikiria kwamba dereva anaweza kuwa na haja ya kweli, akamwekea mlango, lakini mlango mzito kidogo ili asiupite kwa bahati mbaya. Huo ni ustaarabu!

Awendo tukaingia na ile harufu, unaijua, ya molasi ya kiwanda cha sukari cha Sony, tamu na nzito, inakaa kooni. Duara la 50 likachomoza tena, nikabonyeza mara mbili, tayari nimeshakuwa fundi. Matatu moja ikatupita kulia inanguruma, kondakta ananing'inia mlangoni ananionea huruma. Tukaikuta mbele kidogo, imesimama inapakia. Tukaipita. Ikatupita tena. Tukaikuta tena! Jaduong' alipunga mkono kila mara, kwa heshima zote, mpaka kondakta akaanza kupunga naye.

Mbele kidogo tukawakuta maaskari wa trafiki kivulini na ile mashine yao ya kupima mwendo, imeelekezwa kwetu. Moyo wa Mkenya unaujua unavyofanya pale: mguu unaruka kwenye breki kabla akili haijaamka. Mguu wangu haukuruka! Ulibaki pale pale umejinyoosha, kwa sababu unajua kabisa uko kwenye ngapi. Nikawapungia mkono. Nimewapungia trafiki mkono kwa hiari yangu, mimi! Na hesabu yake si ndogo, maana kwa kanuni za faini za mwaka 2016, ukizidisha kilomita 1 hadi 5 ni onyo, 6 hadi 10 ni shilingi 500, 11 hadi 15 ni 3,000, na 16 hadi 20 ni shilingi 10,000 taslimu. Elfu kumi! Piga mwenyewe hesabu hiyo ni kilo ngapi za mbuta.

Ngoja niseme na lile ambalo halikuninyooshea, nisije nikaonekana nimelewa mapenzi. Jicho linasoma kilichoko. Mahali fulani kabla ya Uriri kibao kilikuwa kimebandikwa mabango ya kampeni mpaka hakuna duara wala namba, ni sura za waheshimiwa tu zinazotabasamu, na hapo gari halikuwa na la kusoma na mimi pia sikuwa na la kusoma. Sehemu nyingine hakuna kibao kabisa, ni matuta tu yanayokusubiri. Na mteremko mkali, breki ni zako. Kikomo kinazuia mafuta, hakizuii mlima. Basi. Yamekwisha malalamiko, turudi kwenye utamu!

Maana hata hili la shemeji, kwa walioko Ulaya, ni la jana. Tangu tarehe 7 Julai 2024 kila gari jipya linalouzwa Umoja wa Ulaya lazima liwe na msaidizi wa mwendo anayejua kikomo cha mahali ulipo, kwa kamera au kwa ramani au kwa vyote viwili, na ukizidisha linakuambia lenyewe: mlio, au pedali inatetemeka chini ya mguu, au pedali inakusukuma nyuma kwa upole. Inakusukuma! Unaweza kumkaidi msaidizi huyo kwa kukanyaga kwa nguvu, unaweza hata kumzima, lakini ukiwasha gari tena ameamka nalo. Waswidi walianza kuyajaribu haya zamani, kati ya 1999 na 2002, kwenye miji minne, na kule Lund magari yalikuwa na hiyo pedali inayosukuma. Miaka ishirini na zaidi! Na mabasi mapya ya London yanayo tangu 2018. Fikiria hilo likiingia kwenye matatu za Homa Bay na Migori, zile Probox za watu tisa, yale malori ya kutoka mpakani Isebania. Fikiria gari lenye haraka ya kufa na kupona linaingia Rongo, na Rongo yenyewe inalishika mguu. Nasisimka mpaka nywele!

Na usidhani hili ni la wenye Piijo mpya peke yao. Nenda kwenye gari lako sasa hivi, tazama usukani na vijiti vyake. Kuna LIM? Kuna LIMIT? Kuna kipicha cha saa ya mwendo chenye mshale? Watu wana kitufe hicho kwa miaka na hawajawahi kukibonyeza, wanadhani ni kile kingine cha gari kujiendesha kwa mwendo mmoja bila mguu. Sicho! Kile kinasukuma, hiki kinazuia, mguu unabaki kazini. Mjapani naye ana historia yake tamu: mpaka mwaka 1986 magari ya kwao yalitakiwa kisheria kuwa na kengele, ukipita kilomita mia na kidogo inaanza kulia "kin-kon, kin-kon" hadi upunguze. Kengele! Sisi tuliozoea yule dada wa Kijapani anayetusemesha kila tukiwasha gari, maneno tusiyoyaelewa hata moja, tungeizoea na hiyo.

Tulivyoingia Migori nilikuwa nimebadilika tabia. Kakrao nimeingia kwa 50, mjini nimeingia polepole zaidi, nimemwachia mama mwenye ndoo apite, nimemwachia mwenye mkokoteni, nimemwachia mbuzi. Mabega yangu yalikuwa chini! Kawaida safari hiyo inaniacha nimejikunja shingo, siongei na mtu mpaka ninywe chai. Safari hii nilishuka nataka kurudi. Vijana wa boda wa stendi wakaja kuzunguka gari, nikawaonyesha kila kitu, nikawabonyezea MEM gari likiwa limesimama, haikufanya chochote na tulishangilia hata hivyo. Mmoja akauliza, "Na pikipiki itawekewa lini, omera?" Swali zuri kuliko yote niliyoyasikia mwaka huu!

Jaduong' akaomba kiti cha dereva turudi Homa Bay. Shemeji akamwangalia, akaniangalia, akampa. Mzee wa 504 akaushika ule usukani mdogo kwa vidole, akajaribu MEM mara mbili, akakanyaga mafuta mpaka mwisho, na gari likabaki kwenye 50. Akanyamaza. Akakanyaga tena. Kisha akasema, akijisemea mwenyewe, "Tungekuwa na hii..." hakumaliza, tuta likatokea, tukaruka wote, na yeye akaanza upya hadithi ya Shankland pale alipoiacha.

Jumamosi tunalipeleka Mbita, tuvuke daraja mpaka Rusinga, nataka nione linasema nini kwenye ile barabara ya kando ya ziwa. Nyuma kuna nafasi yako, njoo! Kiti cha mbele usikiulize, tayari mimi na Jaduong' tumeshakigombania, na shemeji mwenye gari yuko orodhani namba tatu.